Feni Inazunguka, Kioo Kimenuna

Kompyuta ikifa kabisa haina ugomvi na mtu. Unabonyeza kitufe, kimya. Mteja anaona kwa macho yake kwamba hapa kuna msiba, anakupa pole, anahamia kwa jirani. Adha ni hii nyingine: feni inazunguka, taa imewaka, sanduku linanguruma, na kioo kimekaa cheusi hakisemi na mtu. Mteja anaisikia mashine ikifanya kazi. Anakitazama kioo, anakutazama wewe, kisha anajiweka sawa kwenye benchi, kwa sababu moyoni ameshaamua kwamba kazi yake ipo humo ndani na wewe ndiye unayeikalia.

Nina stesheni hapa Kahama, Majengo, katikati ya mashine ya kusaga na duka la spika. Nachapa, natoa kopi, naskani vyeti, nawaombea watoto wa watu mikopo ya elimu ya juu mtandaoni. Nachapa mihtasari ya vikao vya ukoo kwa ajili ya mirathi, na kwa hiyo nina fomu yangu maalumu inayojijazia hadi tarehe yenyewe, jambo ambalo stesheni nyingine mtaani hazina. Kwa kuwa tuko ukanda wa dhahabu, nachapa pia mikataba ya maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu. Asiyejua mkataba wa duara amshukuru Mungu. Yupo mwenye shamba, yupo mwenye leseni, yupo aliyetoa pesa ya magogo na chakula, wapo wanaoshuka chini, na kila mmoja anataka iandikwe ni mifuko mingapi ya mawe itakuwa yake kabla mfuko wa kwanza haujapanda juu. Ni kurasa kadhaa za watu kutoaminiana, na kila ukurasa una sahihi na dole gumba.

Asubuhi hiyo benchi lilikuwa na watu watatu. Binti wa mkopo, ambaye dirisha lake la maombi lilikuwa linafungwa usiku uleule. Mzee mmoja kutoka Msalala, koti mwilini, fimbo mkononi, amefuata muhtasari wa kikao cha ukoo aupeleke mahakama ya mwanzo; nilikuwa nimeshauchapa, bado kuutoa tu kwenye printa. Na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mchimbaji wa Lwamgasa kule Geita, aliyekuja na mkataba wake wa duara na hana haraka na chochote duniani.

Nikawasha. Feni ikazunguka. Kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba hakipati mawimbi, kikayatembeza maneno hayo kona hadi kona, kisha kikalala.

Sasa hapo mtu mtulivu ameshapata habari kubwa. Monita inayoweza kulalamika ni monita nzima. Ina umeme, ina mwanga, ina nguvu ya kusema. Kilichobaki ni waya au sanduku. Waya unaukagua kwa mkono: umezama vizuri, skrubu zake mbili zimekazwa, meno yote yamenyooka. Huu wa VGA, wenye kichwa cha buluu, upo tangu 1987, na unaweza kulegea kwa kupitiwa na ufagio tu. Unaangalia pia kama monita inasikiliza tundu lenye waya, maana hizi zenye matundu mawili matatu zina tabia ya kukaa zinasubiri habari kutoka kwenye tundu lisilo na kitu. Na kama sanduku limeongezewa kadi ya picha, waya unachomekwa kwenye kadi yenyewe. Tundu la mazabodi mara nyingi hujizima kadi ikishaingia. Hayo yote hayahitaji bisibisi, fundi, wala sala. Niliyafanya. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Tatizo ni kwamba mji huu hauruhusu mtu kukagua waya kwa amani. Bodaboda wa kijiweni alichungulia mlangoni, akatangaza, "Virusi hivyo." Binti akaniuliza kwa upole kama nimejaribu kuzima na kuwasha, swali ambalo linaulizwa na watu wote wenye umri chini ya miaka 25 na hawaoni aibu. Mama wa mashine ya kusaga akaja na kanga imejaa unga, akasema ni unga umeingia. Jamaa aliyekuwa anapita kununua vocha akashauri niipigepige ubavuni, lakini nisipige sana.

Kisha akaingia fundi. Sikumwita. Fundi wa Kahama haitwi, anasikia harufu. Kijana ana begi mgongoni, fleshi shingoni, na historia ya Buzwagi. Kila fundi wa kompyuta mjini hapa alifanya kazi Buzwagi. Mgodi ule ulianza kuzalisha 2009, ukafungwa 2021, na ukiwahesabu wote wanaosema walikuwa kitengo cha kompyuta, unabaki kujiuliza dhahabu ilikuwa inachimbwa na nani.

Hakugusa waya. Hakuuliza imeanzaje. Alikitazama kioo, akavuta pumzi, akasema, "Dada, hiyo ni kupiga windo tu."

Mimi na kupiga windo, yaani kufuta diski na kuweka Windows upya, tuna uhasama wa zamani. Kompyuta haitoi sauti, piga windo. Printa inatafuna karatasi, piga windo. Mtoto kamwaga chai kwenye kibodi, chai bado inachuruzika, mtu anafungua begi anatafuta fleshi apige windo. Hakuna ugonjwa usiotibiwa kwa windo, na hakuna windo lisilolipiwa.

Nikamuuliza taratibu: mdogo wangu, ukiwasha kompyuta nzima, kitu cha kwanza kutokea kwenye kioo ni nini? Akasema nembo ya kampuni. Vizuri. Nembo ile inatoka kwenye kijichipu kilichogandishwa kwenye mazabodi, kabla diski haijaulizwa lolote, kabla windo halijajua kama kumekucha. Diski ukiing'oa ukaiweka mezani, nembo bado itatokea, halafu ndipo mashine italalamika kwamba haioni diski. Sasa kama hata nembo haijaonekana, windo limekosa nini? Na hilo windo jipya utalipiga ukiangalia wapi? Ile sehemu ya kubonyeza "endelea" utaibonyeza kwenye kioo kipi?

Akanijibu kwamba yeye hatua zote anazo kichwani.

Kichwani! Kwenye diski ile kuna maduara ya watu, kuna mirathi, kuna barua za kuomba kazi za nusu ya mtaa, na kijana anataka kuifuta gizani kwa kukariri. Nikamwambia akae. Akakaa, lakini akaweka wazi kwamba hela ya kuangalia ipo palepale.

Shemeji naye hakutaka kupitwa. Akatoa taa yake ya kichwani, ile anayoshukia nayo duarani, akaimulika monita kwa karibu. Mbinu hiyo ipo, sikatai. Kioo ambacho mwanga wake wa nyuma umekufa, ukikimulika kwa tochi kwa upande utaona picha imefifia kwa mbali. Lakini hiki kilikuwa kimetoka kuandika sentensi nzima ya Kiingereza kwa mwanga wake mwenyewe! Nikamweleza. Akaendelea kumulika, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaona mtu. Alikuwa anajiona yeye.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hazina walikuwa nayo tangu 1965, na nadhani walikuwa wameshaona ya kutosha. Wasomi wakiisimulia habari hiyo hucheka, wanasema tulijirudisha nyuma. Mimi nikiwa nimezungukwa na bodaboda, fundi wa Buzwagi na mtu mwenye taa kichwani, sikuona cha kuchekesha.

Aliyenitoa hapo ni yule mzee, na hakukusudia. Muda wote alikuwa kimya, kidevu juu ya fimbo. Mara akasema, "Mayo, samahani. Hiki kitu kinahesabu nini?"

Nikamuuliza kitu gani.

"Kinalia tano, kinanyamaza. Kinalia tano tena. Nataka kujua kama ni hela yangu inahesabiwa, maana mimi na wewe tulishapatana jana."

Nikatoka nje kumwomba jirani apunguze spika, iliyokuwa inatangaza ofa ya spika. Mama naye akazima mashine ya kusaga. Nikaiwasha upya kompyuta, na kweli, kwa sauti nyembamba kabisa, sanduku lililia mara tano, likapumzika, likalia mara tano. Taa ya kitufe nayo ilikuwa nyekundu, inakonyeza kwa hesabu ileile.

Masanduku haya ya HP Compaq, ambayo ofisi za Ulaya zikiyachoka hupakiwa kontena yakaja kustaafia kwetu, yana lugha yake. Picha ikishindikana, yanalia. Mara mbili maana yake joto limezidi. Tatu, prosesa haipo kwenye kiti chake. Nne, umeme wa ndani haujitoshelezi, umfikirie pawasaplai. Tano ni ramu. Sita ni upande wa picha. Yakisharudia wimbo huo mara kadhaa sauti inakoma, inabaki taa peke yake. Kwa hiyo mashine ilikuwa imeeleza ugonjwa wake tangu asubuhi, kwa adabu, kwa takwimu, mbele ya mashahidi, na kati ya watu wote waliokuwa wanaitibu aliyeisikiliza ni mmoja tu, tena kwa hofu ya kuongezewa bei.

"Tano ni ramu," nikamwambia fundi.

"Hata mimi nilikuwa naelekea huko," akasema.

Nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikakishikilia kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, nikafungua ubavu. Vumbi la kiangazi la Kahama ni jekundu, limechanganyika na moshi wa malori ya Rwanda na Burundi, na kwangu lilikuwa limeungana na unga wa dona likafanya kitu ambacho kingeweza kukandika ukuta. Mama wa mashine aliuona unga wake, akatikisa kichwa bila kusema kitu, na najua atalisema jambo hilo hadi Krismasi. Nyuma ya feni ya pawasaplai alikuwepo mjusi, marehemu wa siku nyingi. Fundi akataka kuanza naye. Nikamwambia huyo hana haraka.

Ramu zilikuwa mbili. Unabana vile visikio vya pembeni, kijiti kinaruka chenyewe. Chukua kifutio cha penseli, kile cha kawaida cha shule, sugua meno yake pande zote mbili taratibu, pangusa kwa kitambaa kikavu, usishike kwa vidole vya jasho. Ndiyo dawa yote. Nikasugua ya kwanza. Ukungu ukatoka, meno yakaanza kung'aa manjano.

Na hapo duka likabadilika.

"Shemeji," akaita yule mchimbaji, sauti imeshuka. "Hiyo ni dhahabu?"

Nilipaswa kusema hapana. Watu wa ukanda huu huwezi kuwatamkia neno hilo ukategemea kazi iendelee. Lakini ndiyo, ni dhahabu. Meno ya ramu hupakwa dhahabu kwa sababu haipati kutu, na sehemu inayogusana kwa umeme mdogo namna ile ikipata kutu kidogo tu mawasiliano yanakatika. Kinachoisumbua ni uchafu wa juu, ndiyo maana kifutio kinatosha. Nikamweleza pia kwamba ni utando mwembamba ajabu, haufiki hata unene wa milimita moja ukiigawa mara mia tano. Hilo la mwisho hakulisikia.

Alisikia vizuri habari ya Tokyo, ambayo fundi, kwa kulipiza kisasi nadhani, aliamua kuisimulia. Na ni ya kweli. Medali za Olimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa kwenye vifaa chakavu vya umeme: Wajapani walikusanya tani 78,985 za takataka hizo, zikiwemo simu zaidi ya milioni 6, wakapata dhahabu kilo 32. Shemeji akaziacha tani 78,985 zipite, akabaki na kilo 32.

"Kwa hiyo mwamba huu," akasema, akiishika ramu, "una gramu ngapi kwa tani?"

Hapo ndipo alipokuwa na haki, na ndicho kilichoniudhi. Tani moja ya bodi za kompyuta ina dhahabu nyingi kuliko tani ya mwamba wanaoufia kule chini. Ila tani hiyo unaipata wapi? Kijiti kimoja cha ramu hakifiki gramu 50. Ungezunguka Kahama, Geita, Katoro hadi Runzewe ukinyang'anya watu kompyuta, na bado ungebaki na gunia. Kisha unaitoaje? Zebaki aliyoizoea, ambayo tayari inawala mapafu na figo wanaoichoma, au zile tindikali kali, mvuke wake ukivuta hupati wa kumsimulia. Kule Accra, Agbogbloshie, vijana walichoma nyaya na bodi miaka mingi kutafuta shaba, na moshi wake haukumtajirisha hata mmoja niliyemsikia.

Shemeji akanikumbusha kwamba Williamson naye walimwona chizi kabla hajapata almasi Mwadui mwaka 1940. Mchimbaji huwezi kumshinda kwa hoja. Kila mkaidi aliyefanikiwa katika historia ya Shinyanga ni ndugu yake. Akaendelea kuwaza kwa sauti: mzigo ukishakuwa tayari atapeleka soko la madini Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019, atalipa mrabaha wake na ada ya ukaguzi, hataki magendo. Nikamuuliza pale kwenye asili ya madini ataandika duara la nani. Akanitazama bila kupepesa. "La kwako. Ndiyo maana nasema tuandike mkataba."

Kwenye tundu nikarudisha ramu moja tu. Hilo ndilo linalopaswa kufanywa: moja moja, ujue mzima ni nani. Ya kwanza, ikalia tano. Nikaitoa, nikaweka ya pili iliyosuguliwa. Sanduku likalia mara moja fupi, la kheri, na nembo ikatokea.

Benchi lote likapiga makofi. Fundi akasogea, akatoa fleshi shingoni. "Sasa hapo tungepiga windo iwe nyepesi."

Mashine ikaandika kwamba saa yake imepotea, nibonyeze F1 kuendelea. Hiyo ni betri, ile bapa ya mviringo, CR2032, inayotunza saa na mipangilio wakati umeme haupo. Ikichoka, kompyuta inaamka haijui mwaka. Nikabonyeza F1. Mzee kwanza, ndiye mkubwa na ndiye aliyeitibu. Muhtasari ukatoka printa moja kwa moja, safi, nakala tatu. Akavaa miwani, akaanza kuusoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza.

Binti akaketi. Tovuti ya maombi ikamkatalia, ikaandika kwamba muunganisho si salama. Akanitazama machozi yanalengalenga. Sio intaneti, nikamwambia, ni ile saa: kila tovuti ya namna hii ina hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini iko miaka mingi nyuma inaiona hati hiyo haijatolewa bado. Nikaweka tarehe kwa mkono, ukurasa ukafunguka, dada wa watu akaanza kupandisha vyeti.

Lakini ukikatika umeme tu saa inapotea tena, na duka la betri lilikuwa limefungwa, mwenyewe kaenda mazishini. Nikakumbuka mizani. Shemeji hatembei bila kale kamizani kake ka mfukoni ka kupimia dhahabu, na betri yake ni CR2032 hiyohiyo. Nikaiomba.

"Nitapimia nini?"

"Una dhahabu leo?"

"Sina. Lakini nikipata?"

Tulivutana. Mwishowe akakubali kwa sharti la kuchukua ramu iliyokufa. Nikampa. Akaifunga kwenye karatasi ya nailoni, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akauliza ofisi gani kubwa mjini inakaribia kubadilisha kompyuta. Fundi akasema anazijua zote. Wakahamia pembeni wanaongea kwa kunong'ona, na kwa mara ya kwanza nikasikia fundi akizungumza bila kutaja windo.

Nikaweka betri, nikafunga ubavu. Binti akamaliza, akapata namba yake ya uthibitisho, akanishukuru kwa magoti. Nikaanza kutoa mkataba wa duara. Ndipo mzee alipovua miwani.

"Mayo," akasema, kidole kikiwa juu kabisa ya ukurasa. "Hapa mmeandika kikao kimekaa tarehe 1 Januari 2009."

Nikanyoosha mkono niuchukue. Hakuuachia.

"Mwaka huo mwenyekiti wa ukoo alikuwa marehemu mwenyewe. Na nilivyomjua, asingetoa ng'ombe hata mmoja."